Divai za Ufaransa na Italia: Ulimi uamue kabla jina halijasomwa

KATIKA kisa cha harusi ya Kana ya Galilaya kinachosimuliwa na Injili ya Yohana, msimamizi wa karamu alionjeshwa divai pasipo kufahamishwa asili yake. Hakuona chupa, hakusoma jina wala hakutajiwa bei. Aliipima kwa ulimi wake tu, kisha akamwita bwana arusi na kustaajabu ni vipi kinywaji bora kiliwekwa hadi mwisho, ilhali desturi ya wenye karamu ilikuwa kuanza na kilicho kizuri.

Utaratibu huo wa kuonja kwanza na kuuliza jina baadaye ndio unaofuatwa hadi leo na wajuzi wa divai kote duniani. Ndio pia unaofaa kundi la marafiki wanaokutana sebuleni jioni ya Jumamosi, kila mmoja akiwa na chupa aliyoinunua, wakitaka kujua iwapo sifa kubwa za divai za Ufaransa na Italia ni za kweli au ni za karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.

Swali hilo si la mzaha. Katika nchi hizo mbili watu wameandamana, wamepigwa risasi na wengine wamekufa kwa sumu kwa sababu ya tofauti kati ya kilichoandikwa nje ya chupa na kilichokuwa ndani yake.

NENO NA ASILI YAKE

Kiswahili chenyewe kina ushahidi wa safari ndefu ya kinywaji hiki. Wanaisimu hulihusisha neno mvinyo na Kireno, na neno divai na Kifaransa. Hata hivyo, kinywaji ni kile kile: maji ya zabibu yaliyochachuka, hamira zikigeuza sukari ya tunda kuwa kileo na hewa ya kaboni.

Mabaki ya vyungu yaliyochunguzwa nchini Georgia, katika eneo la Caucasus, yanaonyesha kuwa watu walitengeneza divai huko yapata miaka 8,000 iliyopita. Wagiriki na Warumi ndio walioieneza mizabibu magharibi, hadi Italia na nchi ambayo leo ni Ufaransa. Kwa miaka mingi sasa mataifa hayo mawili yamekuwa yakipokezana nafasi ya kwanza duniani kwa wingi wa divai inayozalishwa.

Rangi hutokana na ganda la zabibu wala si maji yake. Zabibu nyeusi zikikamuliwa upesi na maganda yakaondolewa, divai huwa nyeupe. Maganda yakiachwa ndani wakati wa kuchachuka, huwa nyekundu. Maganda hayo, pamoja na kokwa, ndiyo pia huleta tanini, kiungo kinachoacha ukakasi mdomoni mithili ya ule wa ndizi mbichi au chai ya rangi iliyokolea kupita kiasi.

JINA LA MAHALI BADALA YA TUNDA

Mnunuzi Mkenya aliyezoea chupa kutoka Afrika Kusini au Chile huona jina la zabibu limeandikwa wazi: Merlot, Chardonnay au Shiraz. Akichukua chupa ya Ufaransa au Italia, mara nyingi hukutana na jina la mahali: Bordeaux, Chablis, Barolo, Chianti. Hapo ndipo wengi hutatizika.

Wafaransa hushikilia kwamba zabibu ile ile hubadilika ladha kutegemea udongo, mteremko wa kilima, mvua na jua la mahali ilipopandwa. Jumla ya mambo hayo huiita terroir. Kwa hivyo, ukisema Chablis, umekwisha kusema kwamba zabibu ni Chardonnay, kwa maana sheria hairuhusu nyingine katika divai ya jina hilo. Ukisema Barolo, umesema Nebbiolo kutoka vilima vya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia.

Ni kwa mantiki hiyo ambapo herufi chache kwenye chupa huwa na uzito. AOC au AOP kwa divai ya Ufaransa, na DOC au DOCG kwa ile ya Italia, humaanisha kwamba mahali, aina ya zabibu, kiasi cha mavuno na namna ya kutengeneza vimewekewa masharti ya kisheria. Herufi hizo hazikuthibitisha kamwe kwamba divai ni tamu. Zinathibitisha kwamba ni ile inayodai kuwa.

DAMU ILIYOMWAGIKA

Masharti hayo hayakutungwa na watu waliokuwa na raha. Katika miaka ya 1860, mdudu mdogo aitwaye phylloxera aliingia Ufaransa kutoka Amerika na kuanza kunyonya mizizi ya mizabibu. Mashamba yaliangamia mkoa baada ya mkoa. Tiba iliyopatikana hatimaye ilikuwa kupandikiza vikonyo vya mizabibu ya Ulaya kwenye mashina ya Amerika, ambayo mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Njia hiyo hutumika hadi leo.

Wakati wa uhaba huo, walaghai walijaza pengo. Walitengeneza kinywaji kwa zabibu kavu, sukari na maji, wakakiita divai. Mashamba yaliposimama tena, wakulima walikuta soko limefurika na bei imeporomoka. Mwaka 1907 wakulima wa Languedoc, kusini mwa Ufaransa, walijitokeza barabarani wakiongozwa na Marcelin Albert. Mkutano wao wa Juni 9 mjini Montpellier ulihudhuriwa na mamia ya maelfu ya watu.

Serikali ya Georges Clemenceau ilituma jeshi. Watu kadhaa waliuawa kwa risasi mjini Narbonne, na wanajeshi wa kikosi cha 17, wengi wao wakiwa wana wa wakulima wa eneo hilo, waliasi na kukataa kutumiwa dhidi ya jamaa zao. Sheria ya kudhibiti divai bandia ilipitishwa mwezi uo huo. Miaka minne baadaye, mwaka 1911, ghasia zilizuka Champagne, wakulima wakiwashutumu wafanyabiashara kwa kuleta zabibu na divai za nje na kuziuza kwa jina la eneo lao.

Ni baada ya misukosuko hiyo ambapo Ufaransa iliunda, mwaka 1935, chombo cha kitaifa cha kusimamia majina ya divai kinachofahamika leo kama INAO. Arbois na Châteauneuf-du-Pape zilikuwa miongoni mwa divai za kwanza kupata hadhi ya AOC mwaka uliofuata. Italia iliiga mfano huo mwaka 1963 ilipoanzisha DOC.

SUMU YA MWAKA 1986

Hata hivyo, sheria bila usimamizi ni sawa na mlango usio na komeo. Mapema mwaka 1986, watu zaidi ya 20 walifariki nchini Italia na wengine wakapoteza uwezo wa kuona baada ya kunywa divai ya bei rahisi iliyotiwa methanoli. Wauzaji waliitia ili kupandisha kiwango cha kileo bila gharama kubwa. Divai hiyo ilitoka Piemonte, eneo lile lile linalojivunia Barolo, na wakulima waaminifu waliona wanunuzi wa nje wakiwapa kisogo kwa makosa ya wengine.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu methanoli. Mnamo Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyochanganywa na kemikali hiyo, na mwaka 2014 makumi ya wengine wakafa vivyo hivyo katika kaunti kadhaa. Methanoli haina rangi, na ulimi hauwezi kuitofautisha na kileo cha kawaida. Hapa ndipo ulimi hufikia kikomo chake, na mnywaji hulazimika kutegemea uaminifu wa aliyetengeneza na macho ya mkaguzi.

Ulaghai haukuwaangukia maskini pekee. Mwaka 2008, katika mnada mjini New York, zilitokea chupa za divai ya Clos Saint-Denis zilizoandikwa jina la shamba la familia ya Ponsot, baadhi zikidaiwa kuwa za mwaka 1945. Mwenye shamba, Laurent Ponsot, alisafiri kutoka Ufaransa kuzipinga, kwa kuwa familia yake haikutengeneza divai ya jina hilo kabla ya mwaka 1982. Aliyeziuza, Rudy Kurniawan, alipatikana na hatia mwaka 2013 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 10. Matajiri waliokuwa wamemnunulia kwa miaka mingi walikuwa wamenunua karatasi na kizibo.

MACHO HUUDANGANYA ULIMI

Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wanafunzi 54 waliokuwa wakisomea elimu ya divai. Waliwapa divai nyeupe na nyekundu, wakanakili maneno waliyoyatumia kuelezea harufu ya kila moja. Kisha wakawapa divai ile ile nyeupe katika glasi mbili, moja ikiwa imetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi waliielezea ile iliyotiwa rangi kwa maneno ya divai nyekundu.

Mei 24, 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaalika jijini Paris waamuzi tisa Wafaransa, akawaonjesha divai za Ufaransa na za California bila kuwaonyesha majina. Za California ziliongoza, nyeupe na nyekundu. Waamuzi hawakuwa wajinga. Walikuwa miongoni mwa mabingwa wa taaluma hiyo. Walichokosa siku hiyo ni jina la kuegemea.

Ndiyo sababu marafiki wanaotaka kuonja kwa haki huzifunga chupa zote kwa kurasa za gazeti, kuanzia chini hadi shingoni, na kumpa mtu asiyeonja kazi ya kuzipanga na kuziandika nambari.

CHUPA NANE MEZANI

Kundi la watu wanane linatosha. Kila mmoja huja na chupa moja, kwa bei isiyozidi kiwango walichokubaliana, ili pasiwepo wa kujigamba wala wa kuona haya. Njia bora ni kuzipanga mbili mbili, ya Ufaransa kando ya ile ya Italia inayofanana nayo kwa hulka.

Jozi ya kwanza ni ya viputo: Champagne na Prosecco. Champagne huchachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, na ile isiyoandikwa mwaka haiuzwi kabla ya miezi 15. Kulala huko pamoja na hamira zilizokufa huipa harufu ya mkate uliotoka jikoni. Prosecco, inayotengenezwa kwa zabibu za Glera kaskazini-mashariki mwa Italia, kwa kawaida huchachuka mara ya pili katika matangi makubwa ya chuma, kwa njia iliyobuniwa na Mwitaliano Federico Martinotti na kuboreshwa na Mfaransa Eugène Charmat. Haichukui muda mrefu, haigharimu sana, na hunukia matunda mabichi kama peasi na tofaa. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ina sababu. Iwapo ina thamani yake ni juu ya mwonjaji.

Jozi ya pili ni nyeupe: Chablis na Soave. Chablis hutoka kaskazini mwa Burgundy, katika udongo wa chokaa uliojaa visukuku vya chaza wadogo wa bahari ya kale. Ni kavu, yenye uchachu mkali. Soave hutoka karibu na Verona, kwa zabibu za Garganega, nyingi zikiota katika udongo wa volkano. Ni laini zaidi, ikiwa na uchungu kidogo wa lozi mwishoni.

Jozi ya tatu huwachanganya wengi. Burgundy nyekundu hutokana na Pinot Noir, na Barolo hutokana na Nebbiolo. Zote mbili zina rangi hafifu, kiasi kwamba vidole huonekana upande wa pili wa glasi. Mwonjaji anayehukumu kwa macho hutarajia wepesi. Burgundy humpa wepesi huo, pamoja na harufu ya matunda mekundu na majani yaliyolowa. Barolo humshika ulimi kwa ukakasi usiotarajiwa. Sheria huitaka Barolo itunzwe kwa miezi 38, angalau 18 kati yake ikiwa katika mapipa ya mbao, kabla ya kuuzwa, na hata baada ya hapo nyingi huendelea kuwa kali kwa miaka.

Jozi ya nne ni Bordeaux na Chianti Classico. Bordeaux nyekundu kwa kawaida ni mchanganyiko, hasa wa Cabernet Sauvignon na Merlot. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, mawakala wa huko waliyapanga mashamba ya Médoc na moja la Graves katika madaraja matano kwa kuzingatia bei. Orodha hiyo ingali inatumika, na badiliko kubwa lililokumbukwa ni la mwaka 1973, Mouton Rothschild ilipopandishwa hadi daraja la kwanza.

Chianti Classico ya Tuscany ni lazima iwe na angalau asilimia 80 ya zabibu za Sangiovese. Mipaka ya Chianti iliwekwa kwa amri ya mtawala Cosimo III mwaka 1716, karne mbili kabla ya sheria za Ufaransa. Jogoo mweusi anayeonekana kwenye chupa zake ana hekaya yake: miji ya Florence na Siena, iliyokuwa ikizozania mpaka, ilikubaliana kila mmoja utume mpanda farasi jogoo wake atakapowika, na mpaka uwe pale watakapokutana. Florence walimnyima chakula jogoo wao mweusi. Njaa ikamwamsha kabla ya alfajiri, na mpanda farasi wao akafika karibu na lango la Siena.

Jozi hiyo pia hufundisha kwamba herufi si kila kitu. Kuanzia mavuno ya mwaka 1968 shamba moja karibu na bahari ya Tuscany lilitoa sokoni Sassicaia, divai ya Cabernet ambayo haikukubaliana na masharti yaliyokuwepo. Kwa miaka mingi iliuzwa kwa daraja la chini kabisa la divai ya mezani, huku bei yake ikizipita nyingi zilizokuwa na vyeti. Sheria ndiyo iliyoifuata baadaye.

NAMNA YA KUONJA

Divai kavu hutangulia tamu, nyeupe hutangulia nyekundu, na nyepesi hutangulia nzito. Nyeupe hufaa ikiwa na baridi ya nyuzijoto 8 hadi 12. Nyekundu hufaa kati ya 15 na 18, ambayo ni chini ya joto la sebule nyingi za Mombasa au Kisumu. Huko, robo saa ndani ya jokofu haidhuru hata divai nyekundu.

Mwonjaji hujaza thuluthi ya glasi tu. Kwanza huitazama rangi juu ya karatasi nyeupe. Kisha huizungusha glasi polepole ili harufu ipande, akanusa. Hatimaye hupiga funda dogo na kulisambaza mdomoni kabla ya kumeza au kutema. Mambo ya kujiuliza ni manne: utamu, uchachu unaotoa mate, ukakasi unaokausha ufizi, na muda ambao ladha hubaki. Kila mmoja huandika alichoonja kabla ya yeyote kusema neno, kwani mwenye sauti kubwa huwaambukiza wenzake.

Harufu nyingine ni ishara za kasoro. Inayofanana na ya karatasi au boksi lililolowa huashiria kizibo kibovu. Ya siki huonyesha kwamba bakteria wamefanya kazi yao, na ya tofaa lililokatwa likaachwa huashiria kwamba hewa imeingia.

Mkate mkavu na maji husafisha ulimi kati ya glasi moja na nyingine. Baadaye chakula kinaweza kuletwa, na hapo Barolo iliyowashinda wengi hupata nafasi: tanini hushikamana na protini na mafuta ya nyama badala ya mate, na ukakasi ukapungua. Kipande cha mbuzi choma kinaweza kubadilisha alama alizoandika mtu dakika 10 zilizopita.

KIASI NA TAHADHARI

Hesabu ni muhimu. Mililita 50 za kila chupa, mara nane, ni mililita 400, yaani zaidi ya nusu ya chupa ya kawaida ya mililita 750. Ndiyo sababu mtungi wa kutemea huwekwa mezani, na kuutumia si utovu wa adabu. Wanaoonja kwa kazi hutema siku nzima. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kinachoweza kusemwa kuwa salama kwa afya, na kileo kimeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani tangu 1988.

Aidha, sheria ya Kenya ya mwaka 2010 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa pombe. Wapo pia marafiki ambao dini yao hairuhusu kileo, na mwenyeji mwenye heshima huwaandalia kinywaji kingine bila kuwahoji. Mmoja kati yao anaweza kuwa msaada mkubwa kama mpangaji wa chupa. Anayeonja asiendeshe gari. Teksi ni sehemu ya gharama ya jioni hiyo.

KURASA ZIKIFUNULIWA

Mwishoni alama hujumlishwa na magazeti kuondolewa. Mara nyingi chupa ya bei ya chini hujikuta mbele ya ile iliyoletwa kwa mbwembwe, na mwenye chupa ya kifahari hugundua kwamba alama duni ameipa mwenyewe. Hakuna aliyeshindwa hapo. Kila mmoja amejifunza anachokipenda, na hiyo ni elimu ambayo muuzaji hawezi kumpokonya.

Hata hivyo, yapasa kukumbuka kazi ya kila kimoja. Ulimi humwambia mtu iwapo divai inamfaa. Jina kwenye chupa, lililopiganiwa Narbonne na Champagne na kutiwa doa Piemonte, humwambia kwamba kilichomo ni zabibu za mahali fulani na kwamba yupo wa kuulizwa iwapo si hivyo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa divai, chema hujiuza pale tu ambapo kibaya kimezuiwa kutembea kwa jina lake.